Dhara la Mtani Si Dhara

Iko nchi moja ambayo jina lake tusilitaje. Si kwa woga, ni kwa uungwana tu: jina lenyewe lilikwisha kukodishwa kwa kampuni ya magodoro ya ng'ambo, na kila anayelitamka bila kibali hutozwa ada. Wananchi wake wanaiita "kwetu", na mpaka leo neno hilo halijapata mnunuzi.

Nchi hiyo ina watu wa namna mbili. Wajuu wanakaa milimani, kwenye baridi na chemchemi na ofisi. Wachini wanakaa bondeni, ambako kila kinachomwagwa juu hufika. Hawa na hawa ni watani tangu enzi za mababu. Walipigana vita mpaka wakachoka, wakakubaliana kuwa kuanzia siku ile wataumizana kwa maneno tu. Ndiyo maana Mjuu akifa, Wachini ndio wanaopanda kuchimba kaburi, na kabla hawajamfukia wanamwigiza alivyokuwa akitembea, wanavaa kofia yake, wanaficha kapu la rambirambi, na mmoja wao anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mchini naye akifa, Wajuu wanashuka kufanya vilevile. Sheria za utani ni mbili tu, na hata mlevi anazijua: anayekasirika ndiye aliyeuvunja, na kwenye msiba wa mtoto hakuna utani.

Sasa serikali ya nchi hiyo ilikuwa na mfuko mkubwa ulioitwa Hazina ya Wajukuu. Kila aliyeuza kitu sokoni, awe muuza ng'ombe au muuza limau, alikatwa fungu lake likaenda huko, ili wajukuu watakaozaliwa wakute neema. Wajukuu wenyewe, kwa kuwa walikuwa hawajazaliwa, hawakuwahi kuuliza swali hata moja, na kwa sifa hiyo serikali iliwapenda kuliko raia wote.

Mwaka mmoja wakaja wageni waliovaa kofia pana, wakauliza kama Hazina ina dhamira. Waziri akajibu kuwa haina, ila kama bei ni nzuri itanunuliwa. Wageni wakamweleza kuwa dhamira hainunuliwi. Ni kuchagua pesa ya umma iwekwe wapi na isiwekwe wapi, hata kama pale isipowekwa pana faida nono. Waziri alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaona wageni hawacheki, akaunda Baraza la Dhamira. Wajumbe walikuwa saba, wote Wajuu, na kila mmoja alipewa gari jeupe ili wananchi wauone weupe wa moyo wake ukipita.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Dokta Pantaleo Ndimi. Huyu alikuwa mtu asiyekasirika. Alitabasamu bungeni, alitabasamu kwenye ajali, alitabasamu alipopigwa na yai viza siku ya uchaguzi. Inasemekana hata usingizini meno yalibaki nje, na mkewe alimfunika uso kwa kanga ili naye apate kulala.

Sheria aliyopewa kuisimamia ilikuwa fupi: fedha ya umma isiwekwe mahali panapodhuru watu.

*

Baraza lilifanya kazi kwa bidii ya kutisha. Lilikataa kuweka fedha kwenye ufugaji wa mbuzi, kwa sababu beberu hana haya na watoto wanaona. Lilikataa kiwanda cha kanga, kwa kuwa maneno ya kwenye kanga hugombanisha majirani. Lilikubali gereza, kwa hoja kwamba hakuna mfungwa aliyewahi kulalamika kuwa amefukuzwa kwenye nyumba. Kila baada ya uamuzi Mheshimiwa Ndimi alisimama na kutoa hotuba. Alisema dhamira ni kama figo: ukiisikia, ujue ni mgonjwa, na yeye anajivunia kutangaza kwamba Baraza lake halijawahi kuisikia hata siku moja. Wajumbe walipiga meza. Katibu, bwana mmoja mwembamba aitwaye Mkakasi, ambaye hakuwahi kufikiri nje ya kanuni tangu azaliwe, aliandika kwamba meza zimepigwa.

Ndipo likaja suala la Betri Njema. Hiki kilikuwa kiwanda cha wageni wengine, wasio na kofia. Kazi yake ni kununua betri mbovu za magari, kuzivunja na kuziyeyusha, kutoa madini ya risasi na kuyauza ng'ambo. Kilitaka kujengwa bondeni, na kilitaka kujengwa kwa pesa ya Hazina. Faida yake ilikuwa ya kulambisha midomo. Hazina ikatoa.

Haikupita miaka miwili daktari wa wilaya akaandika kwamba watoto wa bondeni wana risasi kwenye damu.

Baraza lilishtuka kweli. Liliagiza polisi wateremke mara moja wamkamate aliyewapiga. Polisi waliwapanga watoto wa Wachini mstari, wakawavua mashati, wakatafuta matundu. Hawakuona tundu hata moja. Wakarudi na taarifa kwamba mpigaji hana shabaha, na kwamba daktari ni mzushi. Daktari akajitetea kwamba hii si risasi ya bunduki, ni risasi ya moshi na vumbi, inaingia kwa kula na kuvuta pumzi, na humaliza akili ya mtoto kidogo kidogo kama panya anayeguguna gunia. Wajumbe wakatazamana. Kama ni hivyo, basi pesa ya umma ilikuwa inadhuru watu, na faida yote ile ingebidi iachwe.

Mheshimiwa Ndimi ndiye aliyewaokoa. Aliuliza kwa upole kama Wachini ni watu.

Akafafanua kuwa yeye anawapenda sana Wachini, lakini kisheria hebu watafakari: Mchini kwa Mjuu ni nani? Ni mtani. Na mtani ukimtupia jiwe, si anacheka? Ukimwita mchawi, si anakuletea maji ya kunywa? Kwa hiyo kinachompata mtani kutoka kwa mtani wake hakiwezi kuitwa dhara; jina lake ni utani, nao ni urithi wa taifa. Meza zilipigwa mpaka moja ikavunjika mguu, na Mkakasi akatoa waraka uliosema hivi: "Kwa madhumuni ya sheria hii, neno watu halijumuishi watani. Dhara la mtani si dhara. Mtani atakayekasirika atahesabiwa amevunja utani, na atawajibika."

Daktari alihamishiwa kwenye kituo cha kuchanja mbwa.

*

Bondeni alikuwapo mwanamke aitwaye Sikudhani. Aliuza mchicha, na kila fungu la mchicha lilikatwa sehemu yake ikapanda kwenda kwenye Hazina, kwa hiyo tanuri moja au mbili za Betri Njema zilikuwa, kwa hesabu ya haki, za kwake. Alikuwa mtu wa haya. Akiongea na wakubwa alitazama vidole vyake vya miguu, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba wateja waliinama juu ya kapu ili wasikie bei. Katika jambo la utani alikuwa hafai kabisa. Mara moja tu alijaribu kumtania Mjuu kwenye msiba. Alimwambia ana kichwa kikubwa, kisha akamwomba radhi, na tangu hapo wifi yake Nyamizi alikuwa hampandishi mlimani bila kumkumbushia.

Nyamizi yeye alikuwa bingwa. Alikuwa na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni, na kaburi alilowahi kuingia hakutoka bila mbuzi.

Sikudhani alikuwa na binti mmoja, Tausi, wa miaka saba. Mtoto yule alikuwa na maneno kuliko mama yake. Kuku wote wa mtaa aliwapa majina, na akikuta wamechinja mmoja alipita nyumba kwa nyumba akitangaza msiba. Moshi wa Betri Njema ulipozoea kulala juu ya mapaa, Tausi alianza kusahau. Kwanza yalipotea majina ya kuku. Kisha ya vyombo. Kisha akawa akitaka kitu ananyoosha kidole na kusema "hiki", na mwisho kila kitu duniani kikawa "hiki", hata mama yake.

Sikudhani alijikaza akapanda kwenda kwenye Dawati la Malalamiko la wilaya. Alikuta limebadilishwa jina. Tangu waraka utoke, pale palikuwa na ofisa mwenye sare na filimbi, akiitwa Bwana Kicheko wa Wilaya, na kazi yake ilikuwa kusikiliza shida za Wachini na kuzicheka, kama kanuni ilivyomtaka. Alimsikiliza Sikudhani kwa makini. Mama aliposema mtoto wake hamjui tena, ofisa akacheka kwa muda uliowekwa, akafuta mdomo. Kisha akamtazama usoni, akaona hacheki. Akapuliza filimbi. Kununa kulikuwa na faini ya kuku mmoja.

Sikudhani akalipa kuku. Kuku huyo alikuwa na jina, lakini aliyempa jina alikuwa hawezi tena kulitaja.

Mwezi uliofuata Tausi alishikwa na degedege alfajiri, na jua lilipotoka alikuwa amekwisha kufa.

*

Msiba ulikuwa mdogo na wa kimya, kama inavyopasa msiba wa mtoto. Mara magari saba meupe yakateremka kwa msafara, na nyuma yake gari la redio na watu wa picha. Mheshimiwa Ndimi alishuka akitabasamu. Alisema amekuja kama mtani.

Akina mama wakasimama mlangoni. Nyamizi, ambaye siku nyingine angemtukana mpaka ukoo, alimwambia kwa heshima kabisa kwamba baba, hapa ni kwa mtoto, na kwa mtoto hakuna utani. Mheshimiwa akageuka kwa Mkakasi akamuuliza kama waraka umetaja umri. Mkakasi akajibu kwamba haukutaja.

Basi akaingia. Alichukua kigauni cha Tausi kilichokuwa kwenye kamba, akakizungusha shingoni kama skafu. Akaanza kutembea ua mzima akipepesuka, ananyoosha kidole kwenye chungu, kwenye mkeka, kwenye jeneza, akisema "hiki, hiki, hiki", kama alivyosimuliwa na Bwana Kicheko. Watu wa picha wakapiga picha. Bwana Kicheko akazunguka na filimbi mdomoni akitazama nani hacheki, na Wachini, ambao kuku walikuwa wamewaishia, walicheka. Hakuna kicheko kibaya kama kile. Kilitoka kama matapishi.

Sikudhani alitazama vidole vyake vya miguu. Hakulia wala hakucheka. Mheshimiwa alipokuwa anaondoka alimpigapiga begani, akamwambia amefurahi kuona mila zinadumu, akasahau kuvua kigauni, akaondoka nacho shingoni.

Kuanzia siku hiyo kitu kilimkaa Sikudhani kooni kama mfupa wa samaki. Hakimezeki, hakitemeki. Aliuza mchicha nacho, akalala nacho, akaamka nacho. Watu walimwambia amwachie Mungu, naye alitikisa kichwa kukubali. Lakini moyoni aliona Mungu ana kazi nyingi, na hii ndogo angeweza kumpunguzia.

*

Masika ilipokwisha, mama yake Mheshimiwa alifariki. Bi Koleta alikuwa bibi wa miaka tisini na ushee, amekufa kitandani kwake kwa uzee, ameshiba siku. Kwa msiba kama huo utani huwa halali na unanoga. Serikali ikatangaza kuwa marehemu ni Mama wa Dhamira, na kwamba atazikwa kitaifa, redio ikirusha kila neno. Wachini wakaitwa wakachimbe.

Usiku wa kujiandaa akina mama wa bondeni walikusanyika kwa Nyamizi kupanga watamwigiza vipi marehemu. Sikudhani alikaa pembeni. Alipofungua mdomo, ilibidi mazungumzo yakatike ili asikike.

"Tumkasirishe," alisema.

Nyamizi akamuuliza nani.

"Ndimi."

Watu wakaguna. Nyamizi akamwambia wifi, yule hata ukimmwagia uji wa moto anakwambia asante, ongeza sukari. Sikudhani akangoja waishe kucheka.

"Akikasirika kavunja utani," akasema. "Waraka wao wenyewe umesema. Akivunja, sisi si watani wao tena. Sasa niambieni, mtu ambaye si mtani wako, ukamuulia mtoto wake, hiyo inaitwaje?"

Nyamizi aliweka chini bakuli alilokuwa ameshika. Aliuliza tu nani ataingia kaburini, ingawa kazi hiyo ilikuwa yake miaka yote. Sikudhani akasema ataingia yeye. Wengine walidhani huzuni imempanda kichwani. Kumpeleka mwoga wa maneno akamchokoze mtu asiyechokozeka ni sawa na kumtuma kinyonga akafukuze gari moshi. Lakini Nyamizi akasema, "Nenda wewe. Mimi kapu nitalishika."

*

Siku ya maziko mlima ulijaa. Viti vya mbele walikaa mawaziri na Baraza zima la Dhamira, na pamoja nao meneja wa Betri Njema, mgeni mrefu mwekundu aliyeleta shada la maua lenye umbo la betri. Lugha ya nchi alikuwa anajua maneno mawili tu, asante na sana, na yalikuwa yanamtosha kabisa. Karibu na jeneza palikuwa na kapu la rambirambi, na halikuwa kapu la kawaida. Wenye makampuni, wenye kesi, wenye kutaka viwanja, wote walikuja kumlilia Bi Koleta kwa bahasha, na bahasha zilivuka mdomo wa kapu.

Kaburi lilichimbwa refu, kwa kuwa kanuni ilisema cheo kinaongeza kina. Jeneza lilipokaribia, Sikudhani akashuka kwa ngazi, akaketi chini, akakunja miguu, akasema hatoki.

Watu wakacheka kwa furaha. Mheshimiwa akasogea ukingoni, tabasamu limekamilika, akamrushia noti. Sikudhani akaitandika chini. Akamrushia nyingine, naye akaitandika, mpaka akawa na kimkeka. Akawa anasema maneno, lakini sauti ilikuwa ndogo, na mtu wa redio ikabidi ateremshe kinasa sauti kwa kamba kama ndoo ya kisimani. Hapo nchi nzima ikamsikia.

Alisema Bi Koleta alizaa mtoto mmoja tu mwenye meno, akasahau kumpa ulimi. Watu wakacheka, Mheshimiwa akacheka zaidi yao. Alisema gari jeupe ni zuri, maana hata kipofu anajua mwizi anapita. Mheshimiwa akapiga makofi. Mchimbaji mmoja akavaa koti la Mheshimiwa kinyumenyume, akatembea kama yeye, akitabasamu kwa jiwe, akitabasamu kwa mti, akitabasamu kwa mbwa. Mheshimiwa akamkumbatia. Sikudhani akamwambia basi amrudishie kigauni cha mwanawe. Mheshimiwa akajibu kwa utani wa hali ya juu kwamba alikitumia kufutia viatu, na sasa kimekwisha. Wajuu wenyewe baadhi yao waliinamisha vichwa. Sikudhani, kule chini, alifumba macho kidogo. Kisha akaendelea kama aliyekuwa amelitegemea jibu.

Akasema sasa amechoka kutania, angependa kutoa taarifa ya kikao.

Akakohoa kama wakubwa wanavyokohoa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema kule shimoni, "sisi watani wako tumekaa, tukajiundia Baraza. Tumeona hela za msiba zinalala bure kapuni. Hela kulala ni dhambi. Kwa hiyo kwa niaba yako, na bila kukusumbua kukuuliza, rambirambi yote ya mama yako tumeiweka Betri Njema. Faida atapewa mjukuu wako ambaye hajazaliwa."

Mheshimiwa alicheka. Ila jicho moja lilikwenda lenyewe mahali kapu lilipokuwa. Kapu halikuwapo.

Wakati watu wamevutwa na kaburi, Nyamizi alikuwa amelipitisha kwa mwenzake, mwenzake kwa mwenzake, kutoka kwapa hadi kwapa chini ya kanga, mpaka viti vya mbele, na pale akina mama wawili walipiga magoti wakamkabidhi meneja kwa mikono miwili. Meneja alidhani ni mila. Alilipokea kwa mikono miwili vilevile, akaliweka mapajani, akainama. "Asante sana," alisema, na redio ikamchukua.

Mheshimiwa alitabasamu. Akamwambia meneja, bado anatabasamu, kwamba alirudishe. Meneja akamwambia asante sana. Mheshimiwa akalivuta. Meneja, ambaye kwao kumnyang'anya mtu zawadi ni matusi, akaling'ang'ania.

Sikudhani akasema kutoka chini, polepole, kwamba hela iliyokwisha wekwa haitolewi mpaka miaka tisini na tisa, ila ikidhuru watu. Ni kanuni ya Hazina, yeye hakuitunga.

Ndipo jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona likaonekana. Midomo ya Mheshimiwa Ndimi ilifunga. Watoto wa Wajuu walimshangaa, wengine wakamuuliza mama zao huyu ni nani.

"Hela za msiba wa mama yangu!" alipiga kelele mpaka kinasa sauti kikalia. "Nani aliwaruhusu? Mmeniuliza? Hela ya watu huichukui ukaipeleka unakotaka bila mwenyewe kujua, hata mjinga analijua hilo! Na mnaipeleka wapi? Kwenye sumu! Kile kiwanda kinaua watoto, nchi nzima inajua, halafu mnatia humo sadaka ya maiti! Nyie Wachini laana!" Akamnyanyulia Nyamizi mkono.

Mkono haujashuka, filimbi ikalia.

Bwana Kicheko wa Wilaya alikuwa amesimama pale na filimbi mdomoni, uso umempauka kwa woga. Hakukusudia. Miaka miwili alikuwa amepuliza kila alipoona mtu amenuna, na mapafu yake hayakungoja kumtambua mnunaji.

*

Bwana Mkakasi akasimama, akavaa miwani, akafungua waraka. Mheshimiwa akajaribu kutabasamu upya, lakini meno yalikuja nusu, yakakwama. Akasema alikuwa anatania. Mkakasi, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, alimjibu kwamba filimbi imekwisha lia na kanuni haina namna ya kuirudisha mdomoni.

Akasoma. Mtani aliyekasirika amevunja utani. Mvunjaji ni Mwenyekiti wa Baraza, kwa hiyo amevunja kwa niaba ya Wajuu wote. Wachini wameacha kuwa watani kuanzia saa hiyo, na kwa kuwa waraka uliwatoa kwenye watu kwa sababu ya utani peke yake, wamerudi kuwa watu. Kwa hiyo kiwanda kinadhuru watu. Shahidi: Mwenyekiti mwenyewe, redioni, akitaja neno sumu. Kwa hiyo fedha ya umma itoke, na Mwenyekiti, kama waraka unavyotaka, awajibike kwa kuacha kiti. Akawaomba wajumbe wapige meza, na kwa kuwa meza hazikuwapo, wakapiga magoti yao, mmoja mmoja, kila mtu akimtazama jirani.

Meneja alikuwa amekwisha kuelewa sura za watu bila kuhitaji lugha. Aliingia garini na kapu lake, akaenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Inasemekana hiyo ndiyo faida pekee ya Betri Njema iliyowahi kuonekana kwa macho. Tanuri zilipoa siku ya tatu, maana mwenye kuni alikuwa Hazina.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale mlimani Sikudhani alipanda ngazi, akakung'uta udongo kwenye kanga. Noti aliziacha shimoni. Wachimbaji wa Kichini wakateremsha jeneza la Bi Koleta taratibu, kwa sababu bibi wa watu hakuwakosea, wakatoa ngazi, wakasimika majembe ardhini, wakashika njia ya kuteremka. Walikuwa si watani tena. Watu hawaendi kufukia makaburi ya watu wasiowajua.

Ikawa shida. Kwa mila Mjuu hashiki jembe kwenye kaburi la Mjuu, ni nuksi kubwa, isipokuwa mmoja tu, yule aliyewafukuza wachimbaji. Mawaziri wakakumbuka vikao. Wajumbe wa Dhamira wakakumbuka magari yao. Mvua nyembamba ikaanza, viti vikabaki vitupu, na Mheshimiwa Ndimi akakunja mikono ya shati akashika jembe kwa namna ya mtu anayeshika nyoka.

Alifukia kwa muda mrefu. Viganja vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Kila alipoinua kichwa alimwona Sikudhani amekaa juu ya jiwe, kanga kichwani, anamtazama usoni. Nyamizi alimngojea njiani, akamwita mara mbili. Sikudhani hakuondoka.

Mwishowe Mheshimiwa aliegemea mpini. Uso wake ulikuwa hauna kitu, kama ukuta uliotolewa picha.

"Mama Tausi," alisema, na jina hilo lilimtoka kwa shida, "kiwanda kinafungwa. Cheo changu kimekwenda, na hela za mama yangu zimekwenda. Unataka nini tena kwangu?"

Sikudhani akalitazama kaburi kuanzia upande mmoja hadi mwingine, bila haraka.

"Kichwani bado panaonekana jeneza," alimwambia. "Fukia."